Mwenye jembe anafukuzwa, mwenye karatasi anaachwa: maneno juu ya udongo wa Nindja



Najua mvua ya Septemba imeanza na wengine wenu mmepanda mulima kwa miguu. Mimi nilimaliza masomo ya kilimo hapa mjini, niko na diplome kwenye sanduku, na tangu siku ile niko shomeri kama wengi wenu. Ninasema hivyo mwanzoni ili kesho mtu asiandike kwamba nimelipwa na parke, ao nimelipwa na adui wa parke. Hakuna aliyenilipa. Hata tiketi ya moto iliyonileta, ni dada yangu aliyetoa.

Nilipoomba kusema juu ya mashamba, malisho na pori, mwenzetu mmoja aliniuliza: "Siye watu wa mji, pori inatuhusu nini? Tuko na shida ya maji, ya barabara, ya kazi." Ni swali la haki. Nitajibu kwa kuanza na makala.

Asubuhi pita Kadutu, pita Bagira, pita hata Ibanda kwa wale wenye magari: karibu kila nyumba kuna mbabula, na ndani ya mbabula kuna makala. Barrage ya Ruzizi ya kwanza iko hapa mlangoni petu tangu miaka ya 1950, maji ya ziwa letu yanapita pale kila dakika, lakini mama yako anapika maharagi kwa makala kwa sababu umeme unakuja usiku wa manane ama haukuji kabisa. Makala hayo yanatoka Kabare, Kalehe, Walungu. Mengine ni ya mikaratusi ambayo watu wamepanda wenyewe kwenye vilima vyao, hayo hayana shida. Mengine yanatoka ndani ya Parke ya Kahuzi-Biega. Sokoni hakuna anayeuliza gunia limetoka wapi, na mimi sijawahi kuuliza. Kwa hiyo kabla ya kuwaambia watu wa vijiji "mnaharibu pori", tukumbuke ni nani ananunua.

Na si makala tu. Maziwa, maharagi, muhogo, ndizi za kutengeneza kasiksi, vyote vinatoka kwenye vilima vile vile. Watu wa ofisi wanapenda kutenganisha: mashamba ni ya wizara moja, ngombe ni ya wizara nyingine, pori ni ya ICCN. Lakini kilima hakijui wizara. Udongo ni mmoja.

Sasa niwapeleke Nindja.

Wengi wenu mnajua Tshivanga, pale watalii wanaanzia kwenda kuona gorila. Ile ni sehemu ya juu ya parke, ya milima, ndiyo ya zamani. Ilitengenezwa mwaka 1970, na ilikuwa na hektari 60.000 tu. Mwaka 1975 serikali ya wakati ule ikaongeza pori kubwa sana la chini, upande wa magharibi, na parke ikawa hektari 600.000. Mara kumi. Ili kuunganisha juu na chini wakachora njia nyembamba katikati, ndiyo inaitwa korido, na inapita Nindja. Fikirieni kibuyu kilicholazwa chini: kichwa kidogo ni milima ya Kahuzi, tumbo kubwa ni pori la chini, na shingo ni Nindja. Ukikaba shingo, kibuyu kimekwisha kazi.

Juu ya nini shingo hiyo ni ya lazima? Gorila huyu wetu, yule wanaita wa Grauer, hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani, ni Congo peke yake. Mwaka 1996 kwenye milima ya juu walihesabu gorila 258. Vita vikapita, na mwaka 2000 walikuta karibu 130. Tembo wa milima ile walimalizwa karibu wote miaka hiyo hiyo. Familia chache za gorila zilizobaki juu, kama shingo imefungwa na mashamba na nyaya za malisho, haziwezi kukutana na ndugu zao wa chini. Zitazaana zenyewe kwa zenyewe mpaka zidhoofike. Parke iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Zaidi ya robo karne hatarini! Mgonjwa anayelala kitandani zaidi ya robo karne, tuna haki ya kuuliza madaktari wake wanafanya nini.

Lakini hapa kuna jambo ambalo kwenye makaratasi ya wafadhili linapita haraka. Mwaka 1975 ile korido ilipochorwa, ndani kulikuwa na watu. Vijiji, makaburi ya wazee, mashamba ya muhogo. Watu wengi walisikia kwamba wako "ndani ya parke" kisha parke imekwisha kuchorwa, wengine miaka mingi baadaye, siku mlinzi alipofika kuwaambia waondoke. Na wakati mwanakijiji anaambiwa hana haki ya kulima pale, watu wenye nguvu, watu wa mjini, walipata karatasi za udongo za mashamba makubwa ndani ya korido ile ile, wakakata miti na kuingiza ngombe. Siyo uvumi wa mitaani. Kamati ya urithi wa dunia ya UNESCO imeiomba Congo mara nyingi kufuta karatasi zilizotolewa kinyume cha sheria ndani ya parke. Karatasi hazikujiandika zenyewe. Kuna mtu aliomba, kuna mtu aliweka saini, kuna muhuri wa Jamhuri.

Basi muone picha: mama mwenye jembe anafukuzwa, pengine anafungwa. Ngombe mia moja za mkubwa zinaendelea kula majani. Jembe na ngombe vyote viwili viko ndani ya parke. Tofauti ni karatasi.

Sasa nitoke Nindja kidogo, nije kwa koko wangu, mama ya mama yangu, huko Walungu. Mtaona kwamba ni hadithi moja.

Koko hana udongo. Zamani Bushi ilikuwa na kalinzi: unapeleka ngombe ao mbuzi kwa mwami ao kwa shefu wake, unapata kilima, na watoto wako watakaa pale. Haikuwa paradiso, tusidanganyane, mwami alikuwa mwami, na mwanamke alipita kwa jina la mume. Lakini mwenye kalinzi alijua kwamba mjukuu wake atakula ndizi za mgomba aliopanda. Leo wengi kama koko wanalima kwa bwasa. Bwasa ni kukodi: unalipa, unalima msimu mmoja ao mwaka, kiisha mwenye shamba anaamua kama unarudi. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuo, kichwa kimejaa masomo, nilienda kwake na miche ya grevilea kwenye mfuko. Nilitaka kumuonyesha namna ya kupanda miti pembeni ya shamba na kuchimba mitaro ya kushika maji. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali, kila mvua udongo mweusi unashuka mtoni. Koko aliangalia miche, akacheka, akasema:

"Mwana wangu, mti ni ya mwenye shamba. Mimi nikiupanda, atasema niko natafuta kumunyanganya udongo. Msimu ujao sina hata pa kupanda maharagi."

Na ni kweli. Katika bwasa haukubaliwi kupanda kitu cha kudumu: siyo mgomba, siyo kahawa, siyo mti. Mti ni alama ya mwenyeji. Mtaro nao: utaumiza mgongo wiki mbili kuchimba mtaro ambao faida yake itaonekana mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu atalima mtu mwingine? Profesa wangu alitufundisha miezi sita mbinu za kuzuia mmomonyoko. Koko alinifundisha dakika mbili sababu mbinu zile hazifanywi. Miche niliirudisha Bukavu. Michache nilimpa jirani, mingine ilikauka kwenye ndoo.

Wazee wanakumbuka pia kwamba mitaro hiyo Wabelgiji waliwahi kuilazimisha hapa Kivu, kwa amende na kwa fimbo. Uhuru ulipofika, watu wengi wakaiacha ijae. Siyo kwamba mtaro ni mbaya, mtaro ni mzuri sana. Lakini kitu ulichochimba kwa fimbo, fimbo ikiondoka hukitunzi.

Ngojeni niseme juu ya ngombe, maana wengine watafikiri nachukia ngombe. Sisi Bashi bila ngombe hakuna harusi. Na kwa udongo, ngombe alikuwa mbolea. Mpangilio wa zamani ulikuwa huu: ngombe anakula kilimani, usiku analala karibu na nyumba, mavi yake yanaenda kwenye migomba inayozunguka nyumba, majani ya migomba yanafunika udongo, na chini ya kivuli kuna maharagi na makoloma. Shamba dogo lililisha familia kwa sababu malisho yalilisha shamba. Kisha vita tangu 1996: ngombe ziliibwa, zilichinjwa, zilivukishwa. Zizi tupu, mbolea hakuna, mgomba unadhoofika, kisha ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ukaingia juu yake. Familia nyingi sasa zinafuga kobayi, na msicheke, mavi ya kobayi yanasaidia na nyama yake inalipa karatasi za shule. Lakini kobayi ishirini hazirudishi mbolea ya ngombe wawili.

Na malisho yenyewe yamekwenda wapi? Vilima vya malisho ya wote, pale kila mtu alipeleka ngombe wake, vingi vimekuwa konsesioni za mtu mmoja. Amezungusha waya. Kwenye konsesioni kuna hektari na hektari za majani na ngombe wachache. Pembeni ya waya kuna watu wamebanana wanalima mpaka kwenye jiwe. Mwenye njaa aliyebanwa na waya upande huu ataenda upande gani? Atapanda juu, porini.

Ndiyo maana ninapinga maneno rahisi ya "watu wamekuwa wengi". Ndiyo, tumekuwa wengi, Kabare na Walungu zimejaa, siwezi kukataa. Lakini ukisema hivyo na kunyamaza, umemlaumu mama kwa kuzaa na umeacha waya mahali pake.

Sheria inasema nini? Sheria ya udongo ya Julai 1973, sura ya 53, inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Sura ya 389 inasema udongo ambao jamii za vijijini zinakaa na kulima utapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoisoma mara ya kwanza, nikakimbilia kutafuta ordonansi hiyo maktaba. Wandugu, haipo. Mobutu alikaa miaka mingine 24 bila kuiandika, na baada yake mtaa ule ule. Kwa hiyo koko wangu, na watu wa Nindja, na mamilioni ya wakulima wa nchi hii, wamekaa nusu karne kwenye udongo uliongojewa kupangwa. Ndani ya ukimya huo mwenye pesa anafika kadastre na kutoka na sertifika. Mimi mwenyewe nilienda ofisi moja, sitaitaja, kuuliza tu namna ya kuandikisha kipande cha mjomba. Niliulizwa kwanza: "Umekuja na nini?" Na Katiba yetu, sura ya 34, inasema Serikali inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ama kwa desturi. Kwa desturi! Imeandikwa.

Tarehe 4 Mei 2023 mnaikumbuka. Ilikuwa siku ya Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilinyesha Kalehe, mito ikashuka na mawe na miti na matope, Bushushu na Nyamukubi zikafutika. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na wengi sana hawakuonekana mpaka leo. Baadhi yetu tulienda kule na makoleo, wengine mko hapa, sitawarudisha kwenye yale tuliyoyaona. Viongozi walikuja na kusema ni mapenzi ya Mungu. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli, na watu walijenga kwenye njia ya mito. Lakini juu ya vijiji vile kuna miteremko iliyovuliwa nguo, bila miti, bila majani, bila mtaro. Maji yaliyoanguka juu hayakukuta kitu cha kuyachelewesha. Mtu akiniuliza tena pori inatuhusu nini, nitamtuma aulize Bushushu.

Kuna watu hatuwezi kuwapita: Batwa. Wao walikuwa ndani ya Kahuzi kabla yetu wote, na walitolewa miaka ya 1970 bila kupewa mahali pa kwenda. Mwaka 2018, mwezi wa kumi, baadhi yao walirudi porini. Kilichofuata kilikuwa kibaya kwa kila upande: Batwa waliuawa, walinzi waliuawa, na miti mingi sana ya sehemu ya juu ikakatwa na kuchomwa makala. Makala hayo yalishuka wapi? Yalishuka kwetu. Na faida kubwa haikubaki kwa Mtwa, ilikwenda kwa wenye malori na wenye bunduki. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitoka hadharani: inasema Congo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na kwamba irudishe ardhi yao na kuwalipa fidia. Najua hapa ndani tunagawanyika juu ya jambo hili. Wengine wanasema ukiwarudisha, parke imekufa. Mimi naona kinyume: miaka karibu hamsini ya kuwafukuza haikuokoa parke, na watu wanaojua kila mti kwa jina wangekuwa walinzi wa kwanza kama wangekuwa na haki zao kwa maandishi. Tubishane, lakini tubishane na uamuzi huo mkononi.

Wengine, hasa vijana wenzangu kwenye Facebook, wanasema: "Tufute parke, tugawe udongo kwa wakulima." Inapendeza masikioni. Lakini Nindja tayari imetuonyesha itakavyokuwa. Pale shingo ya kibuyu ilipolegea, ni nani aliyepata mashamba makubwa? Siyo wakulima. Siku parke itafutwa, asubuhi yake kadastre itajaa watu wa suti, na koko wangu atakodi bwasa ndani ya Kahuzi kama anavyokodi Walungu. Na maji? Mito mingi inayonywesha Kabare na Kalehe inaanzia kwenye milima ile. Mimi nataka pori libaki. Nataka pia aliye pembeni yake aweze kuishi bila kuliingia usiku kama mwizi.

Kwa hiyo tunaomba nini? Kwanza, orodha ya karatasi zote za udongo zilizotolewa ndani ya mipaka ya parke, hasa korido ya Nindja: jina, hektari, mwaka, nani alisaini. Hadharani. Kabla ya mwenye jembe mwingine yeyote kufukuzwa, tuone kwanza karatasi ya mwenye ngombe imefutwa. Na wale wa vijiji waliokuwa pale kabla ya 1975 wakae mezani wakati mipaka inapangwa, siyo kuitwa kusaini kilichokwisha pangwa. Sheria inaruhusu hata leo jamii kuomba pori lao wenyewe: dekreti ya Agosti 2014 inakubali jamii kupewa konsesioni ya pori mpaka hektari 50.000, bila kulipia. Ni vijiji vingapi pembeni ya parke vinajua? Nilipouliza Kalehe, shefu mmoja alifikiri namdanganya.

Juu ya bwasa, hatuhitaji kungoja Kinshasa. Edi ya provensi inaweza kulazimisha mkataba wa maandishi, wa miaka mitano ao zaidi, unaosema mkodi akipanda mti, mti ni wake ama atalipwa anapoondoka. Mwenye konsesioni ambaye nusu ya malisho yake imelala, akubali watu walime sehemu kwa mkataba huo, na yeye apate majani ya ngombe yanayoota kwenye kingo za mitaro. Setaria na tripsakumu zinashika udongo na ngombe anazipenda. Inawezekana, nimeona vilima viwili huko Kabare vinavyofanya hivyo kwa makubaliano ya mdomo tu, kwa sababu mwenyewe ni mtu mzuri. Lakini akifa, watoto wake wataheshimu mdomo?

Na umeme. Sitaendelea hapo, kuna wenzetu wa kamati ya umeme, lakini kila ampuli inayozimika Bukavu ni gunia linaloshuka.

Kazi yetu ya mwezi huu ni hii. Barua ya kuomba orodha ya karatasi imekwisha andikwa, iko pale mezani, inaenda kwa gavana, kwa konservateri wa titri za udongo na kwa ICCN. Someni kwanza, msisaini kwa kunifurahisha. Tunatafuta watu wanaoweza kusoma ramani za kadastre, kama uko na mjomba jeometri aliyestaafu, mlete. Na wale wenye familia Nindja, Kalehe, Bunyakiri, tunataka majina ya vijiji na miaka vilipoanza, kutoka midomoni mwa wazee kabla hawajaondoka. Daftari liko kwa dada wa mlangoni. Mimi Jumamosi napanda Walungu kwa koko, kuna nafasi moja kwenye moto.

Maswali sasa.